Gari la umeme, tairi la mazoea: Namba ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi

Na Mwandishi Wetu, Chunya

BARABARA ya kutoka Mbeya hadi Chunya ina urefu wa kilomita 72 tu, lakini ndani ya umbali huo gari hupanda kutoka jijini Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, likavuka mgongo wa milima katika msitu wa Kawetere kwa zaidi ya mita 2,300, kisha likateremka hadi mji wa Chunya ulio kwenye mita 1,500 hivi. Tairi lililofungwa Mwanjelwa asubuhi huonja baridi, ukungu, kona, breki na lami ya moto kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Kabla ya lami, ambayo ilikamilishwa katika muongo uliopita, safari hiyo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na mwendo ulikuwa wa kujivuta. Lami imebadili mambo. Kipande kingine cha kilomita 39 kimeunganisha Chunya na Makongolosi, na dhahabu ya Lupa, inayochimbwa tangu miaka ya 1920, imepata soko rasmi mjini Chunya tangu mwaka 2019. Pamoja na fedha ya dhahabu yamekuja magari makubwa, mazito na yenye kasi.

Magari hayo kwa sasa ni ya mafuta. Hata hivyo, dalili za mabadiliko katika ukanda huu haziwezi kupuuzwa. Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari binafsi ya mafuta mwaka 2024, na Addis Ababa, jiji lililo juu kuliko Mbeya, sasa linaona magari ya umeme kila siku. Nairobi imekuwa na mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo tangu mwaka 2022. Hapa nchini teknolojia hiyo imeanza zaidi kwa pikipiki na bajaji, huku magari binafsi yakiingia moja moja.

Mjadala wa magari hayo umejikita katika maswali mawili: litachajiwa wapi, na betri ikifa itagharimu kiasi gani. Swali la tatu limeachwa nyuma, ingawa ndilo litakalomfikia mwenye gari mapema kuliko yote: matairi liliyokuja nayo yakiisha, litafungwa yapi?

Si swali dogo. Watengenezaji wakubwa wa matairi wenyewe wanakiri kuwa gari la umeme hula matairi haraka kuliko gari la mafuta la ukubwa huo huo, na sababu hazihitaji elimu ya uhandisi.

Ya kwanza ni uzito. Betri iliyolala chini ya sakafu ina mamia ya kilo. Gari kubwa la kifahari la umeme, kama Audi e-tron au BMW iX, lina karibu kilo 2,500 kabla ya abiria wa kwanza kuketi. Toyota RAV4 ya mafuta, inayoonekana karibu na magari hayo kwa umbo, ina kilo 1,600 hivi.

Ya pili ni nguvu. Mota ya umeme haingoji mzunguko wa injini kupanda. Nguvu yake yote karibu iko tayari pale mguu unapogusa pedali. Tesla Model Y ya toleo la Performance hufikisha kilomita 100 kwa saa katika muda usiozidi sekunde nne. Kitu pekee kinachobeba nguvu hiyo hadi barabarani ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono.

Ya tatu inahusu mteremko, na hapa Chunya ina la kusema. Dereva wa gari la umeme akiachia pedali, mota hugeuka kuwa jenereta, hulishika gari na kurudisha umeme kwenye betri. Katika mteremko mrefu kama ule wa kushukia Lwanjilo, dereva anaweza kufika chini bila kugusa breki mara nyingi. Ni faida kubwa, kwa sababu breki zisizochemka hazifeli. Lakini kazi ya kulizuia gari la tani mbili na nusu haikufutika. Imehamishiwa kwenye matairi ya mhimili wenye mota, nayo huisha mapema kuliko mengine, mara nyingi ya nyuma. Aliyezoea kuona matairi ya mbele yakitangulia atashangaa.

Aidha, betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuweka umeme huo, hivyo uwezo wa mota kulishika gari hupungua. Dereva anayelala juu ya mlima, akachaji hadi mwisho na kuanza safari kwa kuteremka, anapaswa kujua kuwa siku hiyo breki zake zitafanya kazi zaidi.

Sasa twende dukani. Katika maduka mengi ya matairi mteja huulizwa saizi tu, na wakati mwingine huulizwa rimu peke yake: "Rimu ngapi?" Akijibu 17 au 19, mazungumzo huhamia kwenye bei. Utaratibu huo umetosha kwa gari dogo la kilo 1,100 linalozunguka mjini, kwa sababu takriban kila tairi la saizi yake lina uwezo wa kulibeba. Kwa gari la umeme lenye nguvu nyingi hautoshi.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi kama haya: 255/45R19 104W. Tarakimu ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 19 ni rimu kwa inchi. Baada ya hapo ndipo penye jambo lenyewe. Namba 104 inaeleza mzigo ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba, nayo ina maana ya kilo 900. Herufi W ni kasi ya juu kabisa, kilomita 270 kwa saa.

Katika saizi hiyo hiyo ya 255/45R19 huuzwa pia tairi lenye namba 100. Linaingia kwenye rimu bila shida, linafanana na mwenzake, na kwa macho hakuna fundi atakayewatofautisha. Lakini namba 100 ni kilo 800. Tofauti ni kilo 100 kwa tairi, kilo 400 kwa gari zima, yaani watu wazima watano pamoja na mizigo yao. Aliyefunga la 100 mahali pa 104 hatapata ajali akitoka gereji. Amekula akiba ambayo mtengenezaji wa gari aliiweka kwa ajili ya siku ya shimo, ya kona ya ghafla na ya mzigo wa ziada, na hajui kama ameila.

Kwa magari mazito zaidi tofauti inakuwa ya hatari zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Gari la kilo 2,500 likichukua watu watano na mizigo linakaribia kilo 3,000. Kwa wastani ni kilo 750 kwa kila tairi, lakini barabarani wastani haupo: mzigo wa nyuma huelemea nyuma, breki katika mteremko huhamishia uzito mbele, na kona huuhamishia upande mmoja. Ndiyo maana magari hayo huondoka kiwandani na matairi yenye namba 105, 109 au zaidi, kilo 925 hadi 1,030 kila moja. Tairi lenye namba 98 linabeba kilo 750, wala halistahili kukaribia gari la namna hiyo.

Zipo pia herufi XL, alama ya tairi lililoimarishwa, na tangu mwaka 2021 kampuni ya Pirelli ilipoanza, ipo alama mpya ya HL kwa mizigo mikubwa zaidi, iliyobuniwa kwa sababu ya magari haya mazito. Gari lililokuja na XL au HL lirudishiwe hiyo hiyo au iliyo juu yake. Kushuka daraja si kubana matumizi.

Lakini hata mwenye kununua tairi sahihi anaweza kuipoteza faida yake dakika kumi baadaye, kwenye pampu ya upepo. Uwezo ulioandikwa ubavuni hupatikana tu tairi likiwa na upepo unaotakiwa. Fundi aliyezoea kujaza 30 au 32 kwa kila gari linalofika mbele yake atajaza hivyo hivyo kwa Model Y, ambayo kibandiko chake kinataka 42. Tairi la XL lenye upepo wa mazoea halibebi zaidi ya tairi la kawaida. Ubavu wake hukunjika na kukunjuka kila linapozunguka, hupata joto ndani kwa ndani, na joto hilo ndilo huachanisha tabaka zake hadi kupasuka.

Kibandiko chenye namba hiyo kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Kulipunguza upepo kwa sababu umeonekana kupanda baada ya kufika Chunya ni kosa, kwani umepanda kwa joto la safari na utashuka wenyewe.

Kuhusu herufi ya kasi, wapo wanaodharau kwa hoja kwamba hakuna anayekimbia kilomita 240 kwa saa kupita Chalangwa. Ni kweli, na iendelee kuwa kweli. Hata hivyo, herufi hiyo ni kipimo cha uvumilivu wa joto pia. Tairi la T au H lililofungwa kwenye gari lililotoka kiwandani na W limetengenezwa kwa kazi nyepesi zaidi, na kupanda mlima huku limebeba tani tatu si kazi nyepesi.

Jambo linalofuata halitawapendeza wapenzi wa mwonekano. Magari ya umeme yenye kasi hupenda kuja na rimu kubwa za inchi 20, 21 au 22 na matairi yenye ubavu mwembamba. Model Y Performance ilikuja na 255/35R21 mbele na 275/35R21 nyuma. Ubavu wa lile la mbele ni milimita 89 tu, wakati ubavu wa 255/45R19 ni karibu milimita 115. Sentimita mbili na nusu hizo ndizo zinazoamua, gari linapoingia kwenye shimo au kugonga jiwe kali, kama rimu itapinda na ubavu kuchanika ama dereva atasikia kishindo na kuendelea na safari.

Wilaya ya Chunya si lami peke yake. Kwenda kwenye machimbo ni changarawe, makorongo na mawe. Kwa mkazi wa huku, au mfanyabiashara wa Mbeya anayekuja mara kwa mara, busara ni kushuka hadi rimu ndogo kuliko zote ambazo mtengenezaji wa gari ameziidhinisha kwa toleo lake, mradi inavuka breki, na kuchukua tairi lenye ubavu mnene na namba ya mzigo ileile. Gari litapungua ukali kwenye kona. Litapungua pia umaridadi mbele ya hoteli. Litafika.

Kuna hoja nyingine ambayo katika nchi za Ulaya hupewa uzito wa kwanza: matairi yanayoteleza kwa wepesi ili betri ifike mbali. Kwa safari ya Mbeya na Chunya hoja hiyo ina nafasi ndogo. Kwenda na kurudi ni kilomita 144, umbali ambao betri ya gari kubwa la kisasa huumudu hata kwa mlima. Anayepoteza kilomita 20 za chaji kwa kufunga tairi lenye mshiko mzuri kwenye maji hajapoteza kitu, hasa kati ya Novemba na Mei wakati mvua za nyanda za juu na ukungu wa Kawetere vinapokutana. Ajali ya basi ya Septemba 2024 huko Lwanjilo, iliyoua zaidi ya watu 10, ilikumbusha nchi nzima kuwa barabara hii ni kali hata kwa wanaoijua.

Kwa sababu hiyo kina cha kashata, yaani mikato ya uso wa tairi inayotoa maji, kisisubiri kufikia kipara. Kiwango cha chini kinachotumika Ulaya ni milimita 1.6, lakini uwezo wa tairi kusukuma maji hupungua sana kabla ya hapo, na wataalamu wengi hushauri kubadili kwenye milimita 3. Gari zito lenye matairi mapana huelea juu ya maji kwa urahisi likiwa limeishiwa kashata.

Kisha kuna mitumba. Biashara hiyo inalisha familia nyingi, na kwa mwenye gari dogo na mfuko mwembamba lawama ni rahisi kuliko suluhisho. Lakini mwenye uwezo wa kuagiza gari la umeme la kifahari hana kisingizio. Tairi lililotumika limetolewa kwenye gari la mtu mwingine kwa sababu fulani, na sababu hiyo haikuandikwa popote. Magari mengine kutoka Japan hufika na matairi ya barafu, yenye mpira laini uliotengenezwa kwa majira ya theluji, ambayo kwenye lami ya moto hulegea na kuisha upesi.

Umri hauonekani kwa macho, ila umeandikwa. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho: 2319 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wa magari hushauri kubadili baada ya miaka sita, na kampuni za matairi huweka ukomo wa miaka 10 hata kama kashata bado ni nzuri. Tairi "jipya" lililokaa ghalani miaka mitano limekwisha kula sehemu kubwa ya maisha yake kabla ya kununuliwa.

Inafaa kukumbuka kuwa Tanzania iliwahi kujitengenezea matairi. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na juhudi za kukifufua zimezungumzwa kwa miaka mingi kuliko zilivyotendwa. Leo soko linategemea bidhaa za nje, na duka la Mbeya huweka saizi zinazotoka haraka. Tairi la gari la umeme la inchi 21 si miongoni mwake. Litaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, au nje ya nchi kabisa.

Hapo ndipo vishawishi huzaliwa. Mwenye gari aliyepasukiwa na tairi moja hataki kungoja wiki mbili. Atafungiwa linalokaribiana. Kwa magari yenye mota mbele na nyuma, tofauti ya mzingo kati ya tairi jipya na lililoisha huifanya kompyuta ya gari idhani gurudumu moja linateleza, na mfumo wa kulidhibiti gari huingilia pasipostahili. Matairi yabadilishwe mawili mawili kwa mhimili, ya aina moja, na pale upana wa mbele na nyuma ni tofauti hayawezi kubadilishana nafasi, kwa hiyo mawili ya nyuma yatanunuliwa mara nyingi zaidi. Hesabu ya kumiliki gari hilo iwe na mstari huo tangu mwanzo. Na kwa kuwa mengi ya magari haya hayana tairi la akiba, bali chupa ya dawa ya kuziba isiyosaidia ubavu uliochanika, anayepita Kawetere usiku ajitafutie la akiba mwenyewe.

Fundi pancha naye ana mapya ya kujifunza. Gari la umeme lina sehemu maalumu za kuwekea jeki. Likiinuliwa popote pengine, jeki inaweza kubonyeza betri. Baadhi ya matairi yake yana sponji iliyogandishwa ndani ili kupunguza kelele, na kiraka hakishiki mpaka sponji ya mahali hapo ikwanguliwe kwa uangalifu. Fundi asiyejua ataing'oa yote na kumrudishia mteja gari lisilo na balansi.

Upande wa mamlaka, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa kwa magari ya zama zake, na askari wa trafiki anayekagua matairi hutazama kipara kwanza. Kipara kinaonekana. Namba 100 mahali pa 104 haionekani kwa asiyeitafuta, na kuitafuta hakugharimu chochote zaidi ya kuinama. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lingeweza kuanza na jambo dogo: kumtaka kila muuza matairi aandike kwenye risiti namba ya mzigo na wiki ya kutengenezwa. Muuzaji angelazimika kuisoma kabla ya kuuza, na mnunuzi angekuwa na ushahidi mkononi siku mambo yakiharibika.

Kwa sasa mnunuzi hana budi kujilinda. Apige picha kibandiko cha mlangoni na ubavu wa tairi la zamani kabla halijatolewa, aende na picha hizo dukani, na asikubali namba ya mzigo iliyo chini ya ile. Nati zifungwe kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa kurukia spana ya kawaida, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa aliyefunga matairi Mbeya, hapo ni Chunya mjini.